Anayekufa Saa Saba

Bibi Efrazia alikuwa na kitendawili kipya, na mwezi mzima hakuna mtu pale Kwemvule aliyeweza kukitegua.

"Kitendawili!" aliwaambia watoto waliopita uani kwake na madumu ya maji.

"Tega!"

"Nyumbani kwangu nina mgeni. Hali, hanywi, hanisalimu. Kila siku saa saba mchana anakata roho, saa tisa anafufuka."

Watoto walisema kivuli. Wakasema jogoo. Mmoja akasema ni mwalimu wa zamu, na Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini wote walishindwa, na anayeshindwa lazima atoe mji, hiyo ndiyo sheria ya vitendawili tangu watu walipoanza kuota moto pamoja. Kwa mwezi ule Bibi alipewa Mombo, akapewa Korogwe, akapewa Dodoma, na mtoto mmoja asiye na choyo akampa Ulaya yote. Ila badala ya kuwapa jibu kama ilivyo desturi, yeye aliwaambia, "Jibu bado linaiva," akaendelea kumenya viazi.

Ukweli ni kwamba jibu hata yeye hakuwa nalo. Mgeni alimjua. Lilikuwa lile sanduku jeupe la bati chini ya mnara, kwenye kona ya shamba lake, pale mlima unapoishia na mawingu yanapoanzia. Mnara ule ulipokea intaneti kutoka Lushoto mjini na kuirusha bondeni, kwenye shule ya kata na zahanati. Ndani ya sanduku mlikuwa na mitambo midogo yenye taa za kijani, na betri inayokula jua. Fundi Hezekia, aliyelisimika kabla hajahamia Dodoma, alimshika Bibi mkono siku ya mwisho akamwambia, "Bibi, huyu nakuachia kama mtoto. Adui yake ni maji. Umande ukimwingia, ndiyo basi."

Bibi hakuwa mtu wa kuachiwa mtoto akamsahau.

Lakini tangu mwezi wa saba ulipoingia, na ukungu wake ule unaoingia hadi jikoni bila hodi, kila mchana intaneti ilikatika. Shuleni wanafunzi walibaki wanatazama vioo vya kompyuta. Zahanati, muuguzi alishindwa kumtumia daktari wa mjini picha za wagonjwa. Kila mtu alimlalamikia Mwalimu Edgar, katibu wa kamati ya mtandao, naye Mwalimu Edgar, aliyekuwa anashinda simu sikioni akiomba radhi kwa kosa asilolijua, akatafuta mtu wa kulibeba.

Akampata Hashimu.

Hashimu ndiye mlinzi wa mnara, na ufunguo wa uzio anao yeye. Nyumba yake na ya Bibi zimetenganishwa na mstari wa migomba tu. Watoto wake wawili walipozaliwa, mikono ya kwanza kuwapokea ilikuwa ya Bibi Efrazia. Yeye Mlutheri, wao Waislamu, na Idi haijapita hata moja bila sahani kuvuka ile migomba. Shida ya Hashimu ni moja: si mtu wa maneno. Ukimuuliza jambo, anainamisha kichwa kwanza, kama anayelitafuta jibu kwenye vidole vya miguu. Na mtu wa namna hiyo akishutumiwa, kila anayemtazama anaona hatia.

Maneno yakaenea kwamba Hashimu anazima mtambo ili achaji simu za watu kwa umeme wa sola. Kikao kikaitishwa Alhamisi, kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Barua ya kumwachisha kazi ilikwisha kuandikwa, na jana yake Hashimu alikuwa amemwambia Bibi, kwa sauti ya kuazima jembe, "Nikitolewa, Bibi, nitahama. Mke wangu Hawa ana ndugu Korogwe, kwenye mkonge. Hapa sitaweza kuitwa mwizi nikakaa."

Bibi hakulala vizuri. Asubuhi akajifunga kitenge, akachukua fimbo na chupa ya chai, akateremka mlima mwendo wa saa nzima kwenda kwenye kikao ambacho hakualikwa.

Alipoingia aliwakuta watatu. Mwalimu Edgar amekaa na barua mbele yake, juu yake ameweka kalamu. Hashimu amesimama karibu na mlango, ingawa viti vilikuwa tele. Na kwenye kompyuta ya mwisho, binti mmoja mwenye hijabu ya bluu na sweta la kufuma.

"Shikamoo, Bibi," akasema yule binti, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Shamsa, Bibi. Ni fundi wa mtandao kutoka Lushoto, nimeshika kazi ya Hezekia."

"Eh! Hezekia ameacha sketi nyuma yake. Vizuri." Bibi akavuta kiti akakaa kando yake, kama aliyeitwa. Akatazama kioo. Kilikuwa cheusi tititi, na maandishi meupe machache. "Mbona hakina picha hiki? Kimeharibika?"

"Hakihitaji picha. Naandika swali hapa, sanduku la kule kwako mlimani linanijibu hapahapa."

"Sanduku langu? Miguu yangu imetoka huko sasa hivi, niulize mimi kama ni karibu."

Shamsa akacheka. Akamweleza kwamba kwa wiki tatu alikuwa hawezi zaidi ya kulibishia hodi. Ukilibishia hodi linaitika, kwamba nipo, likizimika haliitiki. Basi. Ukiuliza la pili, kimya, kwa sababu Hezekia aliliwekea neno la siri, na sanduku halimjibu asiyelijua neno. Jana ndipo Hezekia alipopokea simu, akalitaja.

"Ni ile 'tega'," alisema Bibi. "Usipoitikia 'tega', hutegewi kitu."

"Hivyo hivyo, Bibi. Ila hili Kiswahili halijui. Kila swali lina namba yake."

"Mama Shamsa," Mwalimu Edgar akakohoa, "tuna kikao hapa, si shule ya watu wazima. Bibi Efrazia, karibu, lakini hili ni jambo la kamati."

"Endeleeni, mwanangu. Mimi nimeleta chai tu."

Mwalimu akamgeukia Hashimu. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho mbele ya mashahidi. Unazima au huzimi?"

Hashimu akainamisha kichwa. "Sizimi, Mwalimu."

"Linajizima?"

Hashimu akatazama viatu vyake.

"Mashine yenye akili zake, inasema saa saba hii, nikalale kidogo? Kama mwenyekiti wa kijiji?"

Hashimu hakucheka. Bibi alimwona anapapasa mfukoni, akautoa ule ufunguo wa uzio wenye uzi mwekundu, akaufumba kiganjani. Alikuwa amekuja tayari kuurudisha.

"Ngoja tuliulize lenyewe," alisema Shamsa. Vidole vyake vikaanza kugonga. Bibi, ambaye darasa la saba alilimaliza na kusoma hajasahau, alifuata herufi moja moja. Kwanza *snmpget*, neno ambalo hakujua linatamkwaje. Kisha neno la siri, kisha anwani ya sanduku, kisha namba ndefu yenye nukta nyingi kama ushanga.

"Hapa nimeuliza: uko macho tangu lini?"

Jibu likaja kabla Bibi hajafungua chupa ya chai. Mstari mmoja.

"Saa ishirini na moja na dakika tano," Shamsa akasoma. "Sasa ni saa sita na dakika kumi. Maana yake liliamka jana, saa tisa na dakika tano mchana."

"Umeona!" Mwalimu Edgar akapiga meza. "Jana lilizimika, jana likawashwa. Sanduku limemtaja!"

"Limesema liliamka, Mwalimu. Halijasema nani alililaza." Akagonga tena, namba nyingine. "Sasa naliuliza betri." Akasoma, akatikisa kichwa. "Betri imejaa. Na kwa wiki nzima haijawahi kushuka. Kama kungekuwa na simu za kijiji kizima zinanyonya hapo, ingeonekana hapa."

"Basi hachaji simu. Anazima tu."

"Kwa faida gani?" Bibi akauliza.

"Bibi, kwa heshima zote. Wewe unaishi pale. Ulimwona hazimi?"

"Mtu anamwonaje mtu hafanyi kitu?"

"Basi wewe si shahidi." Lakini Mwalimu aliyasema bila ukali. Simu yake ilikuwa inaita tena juu ya meza, jina la muuguzi wa zahanati liliandikwa pale, naye aliitazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. "Mimi nina wanafunzi mia tatu na wagonjwa sijui wangapi. Nipeni sababu. Msiponipa sababu, nina barua."

Akaichukua kalamu.

Bibi Efrazia aliitazama ile kalamu. Akamtazama Shamsa, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia juu ya vitufe, kama mtu aliyeishiwa maswali. Akakumbuka jinsi anavyofanya mtoto akija analia na hasemi kilichomliza. Ukimuuliza umepigwa, anasema hapana. Umeanguka, hapana. Njaa, hapana. Unaweza kuuliza mpaka jua lizame. Dawa ni kumpakata na kumwambia, haya, nisimulie siku yako, tangu ulipoamka.

"Mwanangu," alisema, "lazima uliulize moja moja? Huwezi kuliambia liseme yote liliyo nayo moyoni?"

Shamsa akamgeukia taratibu. "Naweza," akasema. "Kuna amri yake. Sikuitumia kwa sababu maneno yanakuwa mengi mno, nikaona niulize ninachokijua." Akafuta *get*, akaandika *walk*, akabonyeza.

Kioo kikafurika. Mistari iliporomoka kama maharage yanayomwagwa kwenye ungo, mamia, haikamatiki. Hata Mwalimu Edgar akainuka kuja kuona. Sanduku lilitaja jina lake, likataja kijiji chake, likataja kila waya ulioingia na kila waya uliotoka, likahesabu kila kilichopita ndani yake tangu jana. Halikuwa na siri. Kumbe siku zote lilikuwa linangoja kuulizwa.

Shamsa akapandisha mistari, akaishusha, kidole kikitembea kwenye kioo. Kikasimama.

"Hii nini tena?" alijisemea. "Nyuzi sitini na saba."

"Nyuzi za nini?" aliuliza Bibi.

"Joto, Bibi. Joto la ndani ya sanduku."

Mwalimu Edgar akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Joto? Kwemvule? Mwezi wa saba? Mama, mimi nimevaa masweta mawili."

Shamsa aliuliza tena, swali hilo moja. Sitini na saba. Akangoja kidogo, akauliza tena. Sitini na nane. Dirishani ukungu ulikuwa umeanza kuchanika, na kipande cha jua kikaanguka sakafuni, karibu na viatu vya Hashimu.

"Linapanda," alisema. "Na hapa kuna mstari mwingine: likifika sabini na tano linajizima lenyewe, lisiungue. Likipoa, linaamka. Mwalimu, saa saba ndiyo jua limewaka kabisa huko juu. Saa tisa ukungu umerudi." Akaushika uso wake. "Sanduku hili lina homa. Lakini sielewi. Lina matundu ya kupumulia pande zote mbili. Hezekia aliyatoboa mwenyewe. Linapataje joto hivi?"

Basi hapo ndipo Bibi Efrazia aliposhika ukingo wa meza.

Maana mtu akivundika ndizi, hahitaji moto. Anazifunika. Anazifunga kwa majani makavu, anazizungushia gunia, anaziba kila tundu, na ndizi zenyewe, zilizoingia baridi, zinatoa joto lao mpaka ukiingiza mkono siku ya tatu unautoa haraka. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Mikono yake inajua kufunika vizuri. Na mwanzoni mwa mwezi wa saba, ukungu ulipoingia, mikono hiyohiyo ilichukua blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, lile zito alilonunua gulioni Soni, ikamzungushia mgeni wake mara tatu. Yale matundu ya pembeni, ambayo aliona ndiyo umande utapitia, aliyaziba kwa matambara.

Na kesho yake saa saba mgeni akakata roho. Na yeye akakaa uani akatunga kitendawili!

Uso ukamwaka moto. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angepanda mlima, angelivua, na keshokutwa watu wangesema sanduku limepona lenyewe. Lakini keshokutwa barua ingekuwa imesainiwa, na ng'ambo ya migomba kungekuwa na nyumba tupu. Hashimu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, ufunguo ule kwenye kiganja, uzi mwekundu unaning'inia, anangoja Mwalimu aupokee.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Bibi, jamani, si wakati..." Mwalimu alianza.

"Nimesema kitendawili!"

"Tega," akajibu Shamsa polepole.

"Nilimwona mgeni wangu anatetemeka, nikamvika blanketi, nikamuua."

Shamsa akakiacha kioo, akamtazama. Kisha kutoka mlangoni ikasikika sauti ambayo haikuwa imeulizwa.

"Blanketi," alisema Hashimu. Kichwa chake kiliinuka. "Lile blanketi! Bibi, kamba nilifunga mimi! Nilikuja na katani, nikakuambia hivi litaanguka na upepo, nikalikaza mafundo mawili!"

"Ulilikaza vizuri, baba. Hata joto halikuweza kutoka."

"Na hukusema?" Mwalimu Edgar alimkodolea macho. "Wiki tatu nakuuliza, husemi kuna blanketi?"

"Uliniuliza kama nazima, Mwalimu," Hashimu akasema. "Sizimi."

Shamsa akasoma kioo. "Sabini na moja. Bibi, kuna mtu nyumbani?"

Hashimu alikwisha kubonyeza simu, akaiweka mezani wote wasikie. Sauti ya Hawa, mke wake, ikaja pamoja na kuku na mtoto anayelia.

"Hawa, mama, hujambo?" Bibi aliinamia simu kama anaichungulia. "Nenda kwa mgeni kalivue lile blanketi. Ruka uzio kwa pale penye mparachichi, ufunguo uko huku."

"Nilivue? Na baridi hii, Bibi? Si wewe uliyesema litaugua?"

"Limeugua! Livue! Na yale matambara kwenye matundu, yatoe yote."

"Haya, haya. Na mlango wake niufungue?"

"Usiguse mlango!" walisema watatu kwa pamoja.

Walimsikia anatembea. Walimsikia anaruka, anautukana mparachichi. Wakasikia anahangaika na kamba na kumlaani aliyefunga fundo, na Hashimu akatazama pembeni. Shamsa alikuwa anarudia swali lake lile lile, mshale wa juu, bonyeza, mshale wa juu, bonyeza. Sabini na mbili. Sabini na tatu. Mwalimu Edgar alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha Shamsa kwa mikono miwili.

"Mama yangu!" ilisema simu. "Blanketi lina moto kama limetoka kupigwa pasi!"

Sabini na tatu. Sabini na tatu. Sabini na moja.

Namba zikazidi kushuka. Sitini na sita. Bibi akamimina chai, akampa kila mtu, na Mwalimu Edgar akakipokea kikombe kwa mikono miwili bila kukitazama, macho yako kwenye kioo. Hamsini na nane. Walikaa pale mpaka saa ya ukutani ikaonyesha saa saba, ikapita, ikawa saa saba na robo, saa saba na nusu. Shamsa akalibishia hodi. Likaitika. Simu ya Mwalimu ikaita, muuguzi wa zahanati, naye akaipokea na kusema tu, "Najua. Ipo. Endelea na mgonjwa."

Kisha akaichukua ile barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akamgeukia Bibi. "Bibi Efrazia, unisamehe. Niliongea vibaya."

"Mimi ndiye niliyeharibu, wewe unaniomba radhi ya nini? Nisamehe wewe, na huyu binti aliyepanda kutoka Lushoto." Bibi akaifunga chupa. "Lakini kuna jambo moja. Kitendawili changu kimezunguka kijiji mwezi mzima, nawe ulikuwa na jibu lako. Ulisema ni Hashimu. Umeshindwa. Toa mji."

"Bibi!"

"Toa mji, Mwalimu. Watoto wa darasa la pili wametoa."

Mwalimu Edgar akajikuna kisogo. "Basi nakupa Tanga."

"Si mimi. Mpe mwenyewe."

Akamgeukia Hashimu. Ilimchukua muda. "Hashimu, nakupa Tanga."

Hashimu akainamisha kichwa, akafikiri. "Tanga kuna joto," akasema. "Kwa leo joto limetosha."

Shamsa ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Bibi, na mwisho Mwalimu mwenyewe, mpaka ikabidi avue miwani.

"Haya, chukua Lushoto. Yote, na soko lake."

"Nimepokea," alisema Hashimu. Na kwa kuwa aliyepewa mji lazima aseme alivyoutembelea, akasimama wima, akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka ule wote. "Nilikwenda Lushoto. Watu wa Lushoto wakanikaribisha, wakanipa kiti. Wakanipa chai na kiazi cha moto. Wakaniuliza habari za nyumbani, wakaniuliza na za shamba, nikawajibu zote. Nikalala, asubuhi nikarudi kazini kwangu."

Akautia ufunguo mfukoni. Mwalimu Edgar akamvutia kiti, na Hashimu, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akakaa.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuja mzito kuliko wa siku zote. Hashimu alipofika kufagia chini ya mnara alimkuta Bibi Efrazia, aliyeuazima ufunguo kwa Hawa alfajiri, amekaa kwenye kigoda kando ya sanduku, blanketi la kijivu limemfunika yeye mwenyewe mpaka masikioni. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje, umewekwa juu ya bati, kama unavyompima mtoto homa.

"Shikamoo, Bibi. Unaona baridi?"

"Marahaba. Mimi ndiyo, sana," alisema Bibi. "Yeye hapana."